Paka Aliyelala Mapajani Mwangu

Leo nimempakata paka.

Ndiyo, mimi, mzee mnayenijua kwa kufukuza paka kwa fimbo.

Mjukuu wangu Neema alimwita daktari wa mifugo awachanje mbwa na paka wake, wasipate kichaa cha mbwa. Jirani akacheka: "Paka naye?"

"Naye," daktari akajibu. "Mbwa mgonjwa akimng'ata, anaugua vilevile."

Hilo nalijua tangu miaka ya sabini, tulipoishi Ilomba.

Siku ya chanjo huko, mtaa mzima ulikokota mbwa kwa kamba hadi uwanjani. Paka tuliwaacha jikoni walinde mahindi. Nani angemfunga paka kamba?

Baadaye mbwa mzururaji akamng'ata paka wa mke wangu, Tusajigwe. Wiki zikapita, paka akawa mkali, mate yanamtoka. Ikabidi nimuue mwenyewe.

Miaka yote Tusa aliniomba mwingine. "Baba Asifiwe, hata kapaka kadogo tu!"

Nilimjibu kwamba paka ni wachafu. Akafariki bila kumpata.

Sina siku nyingi, kwa hiyo niseme ukweli: sikuwachukia paka. Niliogopa kumpenda mwingine.

Leo Neema alikuwa amemshika mbwa. "Babu, nisaidie huyu paka."

Nikamshika. Akachomwa sindano, akajificha ndani ya koti langu, kisha akalala.

Neema akauliza, "Babu, mbona unalia?"

Nikamwambia, "Huyu angelala mapajani mwa bibi yako."