Pete Tatu za Chuma

Pikipiki ile niliijua kiungo kwa kiungo kabla sijaiona kwa macho. Mwenyewe alikuwa bado hajawa mume wangu. Alikuwa mchumba tu, fundi katika karakana ya serikali, na kila jioni akija barazani kwetu kuzungumza na kaka yangu. Mimi nilikuwa juu, nyuma ya dirisha, nimeshika kofia ninayoidarizi. Mwari hakutarajiwa kumsikiliza mwanamume. Mimi nilimsikiliza kila siku, na ninaamini alikuwa akijua, kwa sababu hakuna mtu anayemhadithia rafiki aliyeketi ubavuni mwake habari za kabureta kwa sauti ya kuadhini.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Duka la baba lilikuwa limefungwa, shamba halikuwa letu tena, na baba amekuwa mtu wa kukaa ukumbini na kusoma magazeti ya zamani. Posa ilipokuja aliikubali, maana alipenda kijana mwenye kazi na adabu. Ambaye hakuwa amekubali ni bibi yangu, mamake baba. Watu wa kijana yule walitoka bara, wetu walitoka Arabuni, na bibi, baada ya kupoteza kila alichokizoea, hakuwa tayari kuzoea kitu kingine. Hakusema neno. Kijana akija kumwamkia, "Shikamoo, bibi," yeye hukohoa, au huuliza kama kuku wameshafungiwa. Marahaba haikumtoka hata mara moja. Nyumba nzima tulijua kuwa baba hajapata kumkatalia mamake jambo, na siku bibi atakaposema hapana, posa imekufa. Nami nilimtaka kijana yule. Nasema wazi, maana nimeshazeeka na hakuna aliyebaki wa kunikanya.

Basi pikipiki. Aliipata kwa mtu aliyehama kisiwani, chuma cha Kiingereza chenye silinda moja na kutu tele. Alitaka kuifanya ya mashindano. Kila Idi pili, siku ya pili ya Idi ndogo, vijana walikuwa wakienda pwani ya Paje na pikipiki zao, kwa vile Idi hiyo huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga huja na bamvua, na maji ya bamvua yakitoka hutoka kweli, mchanga ukabaki mpana na mgumu kama sakafu. Hapo wakishindana mpaka kwenye mti uliochomekwa mbali na kurudi. Akavua taa, akavua madigadi, akavua honi. Vilivyobaki vingi vilikuwa vimeoza, na spea hazikuwako. Meli hazikuleta, na waliokuwa wakiziuza walikwisha kuondoka. Ikawa kila kitu lazima kitengenezwe hapa hapa mjini, tena na mafundi ambao maishani mwao hawajatengeneza pikipiki.

Hapo ndipo nilipokuwa nikicheka peke yangu dirishani. Tangi alimpelekea mtu wa kutengeneza koroboi. Likatoka jembamba na zuri, halivuji hata tone, ila juu yake fundi kalitia mkono wa kushikia kama wa birika, kwa mazoea. Ekzosi aliifanya mzee aliyekuwa akiziba matarumbeta ya beni, nayo ikaishia na mdomo mpana, tarumbeta hasa. Kiti alikishona mtengenezaji wa matandiko ya punda wa magari. Ngozi nzuri, usumba wa nazi umeshindiliwa barabara, na pembeni vishada vyekundu, maana tandiko bila ya vishada kwake ni kazi iliyoachwa njiani. Kaka yangu alicheka mpaka akalala chini.

"Vikate basi," alimwambia.

"Nkivikata, mwenyewe ataona," alisema mchumba wangu. "Kanifanyia kwa moyo wake. Ntakwenda mbio na vishada vyangu."

Nadhani ni jioni hiyo nilipompenda kwa kweli.

Zikabaki pete za pistoni. Alizieleza kwa sauti ile ile ya kuadhini: pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, imevaa pete tatu za chuma zinazoziba nafasi, zikichakaa, mafuta hupenya, moshi ukajaa, nguvu ikaisha. Alichukua kipande cha mashine mbovu ya kukamulia mbata, akakikereza karakanani baada ya kazi mpaka akapata duara tatu. Lakini kuzisugua zikae sawasawa, na kuzikata kila moja mahali pamoja ili zikipata moto ziwe na pa kutanukia, kulitaka tupa ndogo na mtu asiye na haraka. Akazipeleka kwa sonara.

"Kazi yangu pete," sonara alimjibu. "Atakayeivaa, si shauri langu."

Sonara huyo huyo ndiye aliyekuwa akitengeneza pete yangu ya uchumba, ya dhahabu yenye kijiwe cha feruzi. Na kama walivyokuwa wenziwe wote, naye alikuwa na mazoea yake. Hakuna kilichotoka dukani kwake ila kimelazwa juu ya pamba ndani ya kijisanduku cha mahameli nyekundu. Msomaji labda ameshaona mambo yanakokwenda. Mimi sikuona.

Pete yangu ililetwa na mke wa sonara, baada ya sala ya alasiri, na shangazi zangu wote wamekuja kuiona. Udi ulikuwa umefukizwa. Bibi alipokea kijisanduku, akakifungua yeye mwenyewe kama ilivyomstahiki, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akakigeuza ili sote tuone. Juu ya pamba zilikuwamo pete tatu nyeusi, pana kama bangili, zinang'aa kwa mafuta.

"Bangili?" shangazi mmoja aliuliza taratibu.

"Bangili gani za chuma? Tena zimekatika." Bibi alizishika moja moja. "Zote tatu zimekatika."

Sauti ya bibi haikupanda. Yeye akikasirika huwa mpole. "Katwambia kitu, huyu," alisema. "Katwambia nyumba isokuwa na shamba inatoshwa na chuma. Na kilokatika, tena, ili tujue mapema ndoa yenyewe itadumu vipi. Kusanyeni vitu vyake vyote alivyovileta. Vinarudi leo."

Mtu mmoja tu chumbani mle alijua zile ni nini, na mtu huyo hakupaswa kujua. Nikisema, nitaaibika, nikinyamaza, nimemkosa. Nikasema.

"Bibi, hizo si zangu. Za pistoni."

"Pistoni ndo nani?" Bibi aligeuka. "Mke wake wa bara?"

"Si mtu, bibi. Ni kitu cha ndani ya mashine. Lazima zikatwe. Zikipata moto zina pa kutanukia."

Shangazi mmoja akaficha uso kwenye kanga, mabega yanamtikisika. Bibi hakucheka. "Na wewe umeyajuaje yote hayo?"

"N'namsikiliza dirishani," nilisema. "Kila siku."

Kabla hajanijibu, tukasikia hodi chini. Alikuwa yeye, kaja mbio kutoka karakanani, shati limemganda kwa jasho na mkononi kashika kijisanduku cha mahameli. Alisimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alisimama juu na pete za chuma mkononi. Kama kawaida, hakuitika. "Umekuja kufuata hizi?"

"Sikuja kufuata kitu, bibi," alisema. "Nimekuja kuleta hii."

Vitu havikurudishwa. Bibi alipokea ile ya dhahabu akanipa bila ya kunitazama. Zile za chuma alizitia ndani ya kasha lake, akafunga, na ufunguo akaupiga fundo kwenye pembe ya kanga. "Hizi zinakaa kwangu," alituambia. "Kama anataka mke, atangoja. Kama anataka mashine, tutamwona."

Akangoja. Pikipiki ilikuwa imeshakamilika yote isipokuwa pete zile, ikalala chini ya gunia uani kwao. Idi ile ikapita, wenziwe wakaenda Paje, yeye akaja kwetu kutoa mkono wa Idi na kukoholewa. Kila Ijumaa alikuja kumwamkia bibi, na hata siku moja hakumuuliza habari za pete. Barazani aliacha habari za kabureta. Alizungumza bei ya samaki, kwa sauti ile ile, ili nijue yupo, nami dirishani nikiona uchungu, kwa sababu mtu anayependa kitu chake husikika hata anapokinyamazia.

Mwaka uliofuata, katika Shaabani, bibi alimwambia baba amwite sheikh. Hakueleza kwa nini, na sisi hatukuthubutu kuuliza. Mjukuu alimtoa. Pete hakuzitoa. Alisema mashine zile zinaua, na yeye hakumlea mtu aje akae eda kwa ajili ya mchezo wa mchanga.

Siku ya ndoa baba alipanda na mashahidi wawili kuniuliza mahari ninayoyataka. Ni swali la ada. Wazee wameshapatana, na bibi harusi hujibu kwa sauti ndogo lile aliloambiwa alijibu. Bibi alikuwa ameketi ubavuni mwangu, ananukia halua na mawaridi.

"Mahari yangu," nilisema, "ni pete tatu za chuma, zake mwenyewe, zilizomo ndani ya kasha la bibi."

Shahidi mmoja akashuka kumpelekea sheikh maneno hayo, na punde tukasikia kicheko kutoka chini, kisha sheikh mwenyewe anasema kwa nguvu ili tusikie juu: Mtume alimwambia masikini aliyetaka kuoa, na hana kitu, atafute japo pete ya chuma, basi nani hapa wa kuyakataa mahari hayo?

Hakuwako. Bibi alishika pembe ya kanga yake na kuanza kulifungua fundo. "Mtoto huyu," alisema, "ana akili za kishetani."

Zikawa mali yangu, kwa sheria. Baada ya fungate nilimuazima mume wangu. "Zikiharibika," nilimwambia, "utanioa upya."

Idi pili tulikwenda Paje kwa lori, na bibi akapanda nasi. Alisema hafuati mchezo, anafuata mahari ya mjukuu wake. Tulimtandikia mkeka chini ya shuka iliyofungwa kwenye miti. Mashine ilipotiwa moto, wa karibu waligeuka, kwa sababu ile ekzosi haikunguruma kama nyingine. Ilipiga kama beni linalokuja kutoka mtaa wa pili. Na haikutoa moshi. Nilitazama moshi tu, sikutazama kingine. Ilikwenda mpaka ikawa ndogo, ikazunguka mti, ikarudi safi, vishada vya punda vinapepea.

Mume wangu hakushinda. Walimtangulia wawili. Aliizima mbele yetu, mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akaja akapiga magoti penye ukingo wa mkeka.

"Shikamoo, bibi."

Sote tulingoja kile kikohozi. Bibi aliitazama mashine, akatazama tangi lenye mkono wa birika, akamtazama yeye.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Pete za mjukuu wangu zi wapi?"

"Zimo ndani, bibi. Nzima."

"Haya," alisema, akajisogeza pembeni kumpa nafasi. "Njoo ukae kivulini."