Magurudumu Yalihama, Mtetemo Ukabaki

Shida yangu ilianza mwaka 1992, nikiwa na miaka thelathini na moja. Naanza huko mbali kwa sababu wiki iliyopita simu ililia kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, na sauti ya mwanamke ikaniambia: “Tata, papa alishakufa. Alisema kwanza tukuambie weye, kisha batu ba kanisa.” Nikakaa kwenye benchi la gereji yangu na spana mkononi, nikasahau nilitaka kufungua nini. Aliyekufa alikuwa fundi wa magari, mzaliwa wa Kolwezi kama mimi, mtoto wa baba aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi kwenye mgodi wa shaba. Kasai yenyewe fundi alikuwa hajaiona hata kwa macho, mpaka siku alipoambiwa arudi kwao.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua mimi niliishia darasa la nne, na sioni aibu. Kazi ya mgodi ilipokufa nilibaki na pickup moja kuukuu, nikaamua itanilisha. Ili ibebe mahindi mengi zaidi, niliiwekea nyuma lame za gari jingine, yale mabamba ya chuma yanayobeba mzigo, na chini yake vipande vya chuma vya kuiinua. Siku hiyohiyo nikaifungia mipira minne mipya ya magurudumu. Nilijiona mhandisi. Nilipoitoa barabarani, ikifika mwendo wa sitini ilitetemeka mpaka meno yakagongana. Kila mtu akatoa hukumu ileile: mipira hiyo ni mibaya, itupe.

Wakati huo mji wenyewe ulikuwa unatetemeka. Mishahara ilikatika, magari ya mgodi yalikaa juu ya mawe, na wakubwa wakatuambia ubaya wote umeletwa na watu wa Kasai. Kwenye mkutano wa mtaa wetu, jirani na ukuta wa nyumba ya fundi, mtu alisimama akasema hao wakiondoka, kazi zitarudi kwetu. Nilipiga makofi. Naandika hivyo bila kujificha, maana mzee anayeficha makofi yake hana haki ya kuwafundisha wengine. Siku ya tatu baada ya mkutano nikaipeleka pickup kwa fundi. Sikusukumwa na upendo. Hapakuwa na mwingine anayejua. Nilimkuta anafunga masanduku. Mke wake alikuwa na mimba iliyokaribia kabisa, na pale stesheni ya Kolwezi familia nyingi zilikuwa zinalala nje zikisubiri treni isiyokuja. Shemeji yake, mtu wa reli kule Lubudi, alikuwa amewatafutia nafasi kwenye behewa, lakini ilibidi wafike huko kabla ya Jumamosi. Akaniambia, akiniita kaka mkubwa kama ilivyo desturi kwetu: “Yaya, nikiitengeneza hii gari, utatufikisha Lubudi. Ikikufa mu njia, muke yangu atazalia mu majani.” Nikaitika.

Akaniuliza swali lake la kwanza, na mpaka leo wafanyakazi wangu hulicheka: “Ule mutetemo unausikia fasi gani, mu mikono ao mu matako?”

“Mu matako,” nikasema.

“Basi. Mikono inasemaka mbele, matako inasemaka nyuma. Na ulibadirisha nini?”

“Mipira, na lame, na bile bichuma bya kuinua.”

“Siku moya yote?”

“Siku moya.”

“Sasa gari itakuambiaje ni nini ilikosa? Ulifunga watu wote mu kashoti moya ya polisi, na unauliza mwizi ni nani!”

Hakutupa kitu. Alihamisha magurudumu ya nyuma akayaleta mbele, ya mbele akayapeleka nyuma, tukaenda kujaribu barabara ya Nzilo. Kama kosa ni la mpira, alisema, mtetemo utamfuata mwenyewe mpaka mbele. Haukumfuata. Ulibaki palepale, chini ya makalio yangu. Ndipo akaingia chini ya gari na pima maji ya seremala. Vile vyuma vyangu vya kuinua vilikuwa vimeinamisha pua ya ekseli ya nyuma, na kadani, ule mhimili unaoleta nguvu kutoka kwenye injini, ulizunguka umepinda. Alikata kabari mbili kutoka kwenye chuma chakavu, akazipiga tupa karibu siku nzima, huku masanduku yake yakingoja mlangoni. Alipokwenda kumwangalia mke wake, mimi mwenye haraka nikazifunga mwenyewe. Nilizifunga kinyume, upande mnene mbele. Gari ikatetemeka mara mbili ya mwanzo. Mtu aliyekuwa anafukuzwa mjini kwake alicheka mpaka akashika ukuta: “Yaya, pua yake inachimba! Sasa inatafuta shaba mu udongo!” Akazigeuza. Pickup ikatulia kama maji kwenye beseni.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha vijana wenye fimbo. “Unabeba banani, Tata?” Nilijibu: “Nabeba fundi yangu, na muke yake iko na mimba. Mufungue.” Sauti yangu ilitetemeka kuliko gari ilivyowahi kutetemeka. Walifungua. Tulifika Lubudi Ijumaa, na kesho yake asubuhi, kabla treni haijaondoka, mtoto akazaliwa nyumbani kwa shemeji. Ndiye mwanamke aliyenipigia simu.

Wahenga wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yeye alinifaa mimi, siku ambayo dhiki ilikuwa yake. Miaka ilipopita na simu za mkononi zikafika, nilimtafuta nikamwambia juu ya makofi yale. “Nilijua,” akasema. “Ukuta yetu ilikuwa fupi, nilikuona.” Nikamuuliza kwa nini basi aliitengeneza gari. Akajibu: “Gari haikupiga makofi.”

Kule Kingamyambo leo wanaosha tena mchanga uliotupwa zamani kama uchafu, na shaba inatoka. Watu hawaoshwi hivyo; uliyemtupa amekwenda na ujuzi wake. Sisi tulihamisha magurudumu, na mtetemo ukabaki palepale: kazi hazikurudi, mishahara haikurudi, na magari yakabaki juu ya mawe bila mtu wa kuyashusha. Basi ninyi vijana, kitu kikitetemeka, ulizeni kwanza mnasikia wapi. Badilisheni kimoja, msikilize. Kile ambacho kila mtu anawaambia mkitupe, kijaribuni kabla ya vyote.

Leo nina gereji moja yenye paa la bati, pickup mbili, nyumba ya matofali ya kuchoma na shamba la mahindi upande wa Lubudi. Ile pickup ya zamani niliiuza kama chuma chakavu, lakini kabari nilizifungua kwanza. Zilikuwa mbili. Sasa ninayo moja; nyingine iko njiani kwenda Mbuji-Mayi.