Kuvu ya Mukabalisa

Mimi chakula hakinishindi kirahisi, lakini siku niliyochungulia beseni la Mukabalisa, ugali wa mchana ulipanda mpaka kooni.

Na ujue, huyu mama, Mama Ihirwe tunavyomwita, ndo msafi kuliko wote huku Rebero. Kakulia Bujumbura, akaja kuuza juisi ya machungwa soko la Kicukiro. Glasi anaisugua mpaka unaionea huruma. Basi huyo huyo ndo alipata kazi ya kufuga kuvu. Kiwanda kimoja kidogo cha Masoro kilikosa nafasi, kikamwekea mabeseni matatu makubwa kwenye banda lake la nyuma. Yeye anajaza maganda ya machungwa ya wenzake wa sokoni, fundi wa kiwanda, binti anaitwa Trinah, anapanda kuvu yake, wanafunika. Kuvu inakula mafuta ya ganda, inaacha harufu ya maua, kiwanda kinaikamua kutia kwenye sabuni. Ndiyo, sabuni! Hiyo unayojipaka usoni.

Maganda yalikuwa yameota manyoya ya kijani, kama panya aliyekufa maji. Chini yake ute. Na harufu sasa: juu maua, chini choo. Bora inuke tu, tujue moja! Mukabalisa mwenyewe aligeuza kwa mwiko mrefu, kitenge puani, macho kafumba, anasali Salamu Maria.

Jumamosi ya umuganda, ule usafi wa pamoja wa kila mwezi, mtaa mzima tuko nje tunafyeka na kufagia, Benon, mkuu wa mtaa wetu, tunayemwita Mudugudu, akafuata harufu mpaka bandani. Sisi nyuma yake na toroli na ndoo ya javeli, ile dawa ya kuua vijidudu.

"Mama Ihirwe! Hii nini? Umepika shetani?"

"Ni kazi, Mudugudu. Jumatatu wanakuja kuchukua. Wakikuta hakuna, kazi sina, na kule sokoni nafasi yangu ishachukuliwa."

"Kazi gani iko na nywele? Leo ni usafi. Mwaga!"

Jirani yetu Maneno akanyanyua ndoo.

"Usimwage javeli, Maneno! Itakufa!"

"Si ndo tunataka ife?"

Tukacheka. Mukabalisa hakucheka. Alikunja mkono wa nguo, akafumba macho, akazamisha mkono kwenye beseni mpaka kiwiko.

"Ayii weh!" Watu wawili walikimbilia migombani. Mkono ulitoka wa kijani, ute unadondoka. Akausugua kwa kiganja cha pili, akampelekea Benon mpaka puani.

"Nusa, Baba. Nusa vizuri, halafu umwage."

Benon akanusa. Akakunja uso. Akanusa tena.

"Hii... hii si ndo sabuni ya madamu wangu?"

"Ndo yenyewe."

"Yaani kila usiku nalala nayo?"

Alitema mate mara mbili, akafuta pua kwa mkono wa shati. "Funika. Mlango ufungwe. Na mtu asimwambie madamu."

Jumatatu Trinah alifunua beseni la kwanza, kumbe limeota madoa meusi.

"Nani katia mkono humu?"

"Mimi."

"Mama, hili limeharibika. Mkono wako umeingiza kuvu ya mtaani." Akapakia mawili yaliyobaki. "Kesho nakuletea mbegu nyingine. Na safari hii tunafanya mabeseni sita."

Mukabalisa akasema, "Asante sana, mwanangu," akamsindikiza mpaka kwenye gari, akapunga mkono vizuri. Gari lilipokata kona, akashika ukuta, akatapika.