Maulizo Niliandika na Mukono Yangu

Mukicheka, mucheke polepole, ju kuko pahali moja mu hii habari yenye mi mwenyewe mpaka leo sijui kama ni ya kucheka. Muke yangu anajua nusu yake tu: anajua kama nilikamatwa ku gare ya Kasaji, pale treni inasimama, na pasi ya makala ya kunyosha nguo mu mukono. Nusu ingine nilimuficha miaka yote, lakini haya ya mutu nayo inazeeka, inafika wakati inataka kutoka.

Mi nilikomalia Kolwezi, mu Dilala, mu nyumba za kampani, na nilikuwa karani kule mpaka wakati mugodi ilianguka na kazi ikaisha, njo nikabeba muke na batoto tukarudi Kasaji kulima udongo ya babu yangu. (Mihogo yangu ya mwaka ya kwanza ililiwa na mbuzi, na batu balisema mbuzi ilinihurumia.) Kitu moja tu nilikuwa nayo: maandiko muzuri. Seksion, tawi ya chama kwetu, ilikuwa inatafuta sekretere, na mukubwa wa seksion, Tata Chinyama, akaona vile ninavuta mukia ku herufi ya mwanzo, akasema, "Huyu njo wetu." Nikapewa fulari ya chama ya kufunga ku shingo, karte ya mwanachama, na meza ya miguu mitatu na tofali.

Mwanzo kazi ilikuwa ya kuandika nani ataleta biti bya kukalia, nani atapika bukari ya bageni. Nyuma mambo ikageuka. Kutoka ku miji mikubwa ikafika sauti kama Bakasai, batu ba Kasai, barudi kwabo, hata bale benye bababu babo baliletwa hapa na kampani, hata bale benye bamezaliwa hapa. Tata Chinyama akaniita: "Sekretere, utuandikie maulizo, bavijana bajue namna ya kutambua mutu." Nikaandika. (Haya yangu inaanzia hapa, musifikiri inaanzia ku gare.) Kijiji ya babu yako ni gani? Mufalme wa kule ni nani? Munavuka muto gani kwa kufika? Kwenu banasalimia je asubuhi? Na ju mi ninapenda kazi safi, nikapiga mustari na rula, nikaongeza chini: "Mutu mwenye kujibu mbio kupita kipimo, mumuangalie muzuri, pengine alijifunza." Tata Chinyama akanipiga mukono ku bega. Nikaandika karatasi kumi na mbili, zote na mikia yake.

Sasa, jirani yangu wa lupango, uzio moja tu kati yetu, alikuwa Tata Mukendi, muganga wa dispansere, Mukasai. Wakati binti yangu Rosa alishikwa na malaria, ile mutu alilala siku tatu ku kiti yetu, na viatu mu miguu. Bibi yake, Mama Mbuyi, njo alikuwa na pasi. Kila siku ya mukutano ninasimama ku lupango, ninaita, "Mama, pasi," na ananipa, mara ingine na makala yake ndani imeshawaka. Hata siku ya mukutano yenye nilienda kusoma yale maulizo mbele ya batu, shati niliinyosha na pasi yake. Alisema, "Baba Rosa, uangalie usiunguze kola."

Siku mbili nyuma ya ule mukutano bavijana ba chama balifika na lori, kutoka mbali, hakuna mwenye tulijuana. Batu bakaanza kupita kwenda ku gare na mizigo ku kichwa. Tata Mukendi na bibi yake balipita mbele ya mulango yangu, mi nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya pazia, sikutoka. Wakati balienda, muke yangu akaonyesha ku meza pasi yabo yenye sijarudisha, akasema, "Ile kitu haitalala mu nyumba yangu."

Basi nikasema ninaipeleka. Na hapa njo nilifanya kosa yangu ndogo: nilifungua fulari ku shingo, nikaacha na karte mu kabati, ju nilipata haya Mama Mbuyi anione navyo.

Kuingia ku gare ilikuwa mwepesi, kuingia hakuna mutu anakuzuia. Nilikuwa ningali natafuta sura yabo mu batu wakati kijana moja mwenye bandeji ku muguu akaniita. "We mwenye pasi, wagon yako ni ile."

"Mi ni sekretere wa chama," nikasema.

"Karte?"

"Iko ku nyumba."

"Fulari?"

"Nayo ku nyumba."

"Na pasi njo ukabeba."

Benzake bakacheka. Akatoa karatasi mu mufuko, na mi nikaona mukia ya herufi yangu. Barafiki, nilifurahi. Nilisema mu roho, Mungu si wa mutu moja. Akaanza, "Kijiji ya..." nikajibu. Nikaongeza mufalme, nikaongeza muto, nikamusalimia salamu ya asubuhi mbele hajaniuliza, na ilikuwa nyuma ya saa sita. Akashuka na kidole mpaka chini ya mustari ya rula, akasoma polepole, neno kwa neno, nyuma akainua macho.

"Ni mi niliandika ile!" nikalia.

"Na mi njo askofu," akasema.

Nikaomba banipe kalamu, nione kama habatatambua maandiko. Bakanipa. Nikaandika juu ya goti, benzake banacheka, na ile kitu niliandika, hata kuku ingekataa kuitia sahihi. Bakanisukuma mu wagon, na wakati ule ule nikasikia mashini ya kuvuta treni inagonga wagon ya mbele, inafungwa nayo. Nilifikiri Rosa, nilifikiri inchi yenye sijaionaka, nilifikiri kule nitamuambia nani mi ni nani.

"Baba Rosa," sauti ikasema kando yangu, "umeleta pasi."

Mama Mbuyi alikuwa amekaa juu ya mufungo yake ya nguo. Tata Mukendi akasimama, akasogea ku mulango ya wagon, akaita yule kijana wa bandeji; bandeji ile alimufunga yeye mwenyewe asubuhi, pale pale ku gare. Akamuambia bila hasira, "Mutoto yangu, huyu mumushushe. Ni sekretere wenu kweli. Karatasi yenye uko nayo ni yeye aliandika. Mi ninajua ule mukono, njo aliniandikiaka majina ku chupa zote za dawa."

Kumbe alijua. Tangu bamuulize yale maulizo, alijua ni nani alimuuliza.

Kijana akanishusha, akanipangusa vumbi ku shati, akasema, "Utusamehe, Tata Sekretere. Amri yako ni gani?" Muone sasa: ile dakika, ku ile gare, mi njo nilikuwa mukubwa. Nilikuwa na neno ku ulimi, neno fupi: na huyu muganga naye, mumushushe. Pengine bangekataa. Pengine bangesikia. Treni ikavuta kidogo, bale bavijana bakaniangalia, nami nikaogopa banirudishe mule ndani.

Nikasema, "Asante." Sijui nilimuambia nani.

Nilikuwa nimeshafika ku mulango ya nyumba wakati muke yangu aliuliza, "Habakuitaka?" Nikaangalia mukono. Pasi ilikuwa ingali mule. Nikamuambia balinikamata kwa kukosea, na wakati baliniachilia treni ilikuwa imeshaenda, na ile njo nusu anajua.

Tangu siku ile ninavaa shati na mikunjo yake, mufikiri ni uvivu, sikatai, na karatasi ya kuuliza mutu anatoka wapi sijaandika tena na sitaandika. Pasi iko juu ya kabati. Rosa amekuwa mama sasa, kila akija ananiuliza ju ya nini haitumikake, na mi mwenye nilijuaka kujibu mbio, ninamuomba maji ya kunywa.