Zimwi la Mawe

Likizo ya mwezi wa sita pale Mgwashi ilinukia moshi wa kuni mbichi za mkaratusi na karoti zilizotoka kuoshwa mtoni. Ukungu uliingia hadi jikoni, nasi watoto tukijibanza kwenye mafiga tukinyoosha vidole motoni. Katika baridi hiyo ndipo binamu yangu Mwanaidi alipokuja kutoka Tanga na kimashine cha gemu kinachoenea viganjani. Ndani yake mchezaji alizunguka porini, akakamata mazimwi, akayalea yakapata nguvu, kisha akayapiganisha na walinzi wa milango. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, niliugua wivu.

Mwanaidi alikuwa amekwisha kuimaliza gemu hiyo, sasa anairudia. Alijua kila zimwi limejificha wapi na linaogopa nini. Alipita milango huku akitafuna muwa na kumsimulia bibi habari za Tanga. Zamu yangu ilipofika, kimashine kile kile kiligeuka katili. Zimwi langu la pekee, kijidudu chenye pembe moja nilichokiita Shujaa, lilisagwa kila alasiri na Zimwi la Mawe, mlinzi wa mlango wa kwanza.

“Hapa ulipitaje?” nilimwuliza.

“Napajua tu,” akajibu bila kuinua macho.

Kilichoniuma zaidi, alianza kujiwekea masharti: zimwi lake likianguka mara moja, analiacha kabisa, ili gemu imwie ngumu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Mimi naulilia wepesi, yeye anautupa.

Alasiri moja, likizo ikielekea ukingoni, niligundua kwamba Zimwi la Mawe hutulia kidogo kila linapomaliza kupiga. Nikamkinga Shujaa, nikasubiri, nikapiga. Nikakinga tena, nikapiga. Likaporomoka! Nilipiga ukelele hata bibi akatoka na mwiko mkononi, akidhani nimeungua.

“Kuna nini, mwanangu?”

“Nimelishinda, bibi!”

Bibi alicheka asijue nimeshinda nini. Mwanaidi hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama nyama kwenye sahani ya mwenzake, kisha akaninyang’anya kimashine. “Betri inaisha,” akasema. Hakunipa tena mpaka aliposhuka Mombo kupanda basi, nami kwa miaka mingi nilimwita mchoyo.

Siku hizi naishi Lushoto mjini, na gemu ile inapatikana kwenye simu. Juzijuzi niliianza upya kwa hamu. Zimwi la Mawe lilianguka kabla chai yangu haijapoa. Nikajaribu masharti ya Mwanaidi. Mchezo ukawa mgumu kweli, lakini ugumu wa kujitakia hauna hofu ndani yake. Nikampa simu binti yangu. Akasagwa, akalia, akarudi, akasagwa tena.

“Mama, hapa unapitaje?”

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na mkono wangu ulikwisha kunyooka kumpokonya simu. Hapo ndipo nilipomwelewa Mwanaidi. Kile alichonionea kijicho ndicho ninachomwonea mwanangu leo: kutojua. Ukishakipoteza, hukipati tena hata uanze mara mia.

“Utapaona mwenyewe,” nikamwambia, nikaikalia mikono yangu.

Alipopaza sauti ya ushindi, nilimpigia makofi kwa nguvu, kisha nikageukia dirishani asiuone uso wangu.