Ukurasa Usioshuka

Mimi ni Mwanamvua wa Chole, Kisarawe, msuka mikeka. Haya nasema mimi, anaandika binti yangu Maulida.

Hamisa wa mtaa wa Picha ya Ndege alileta barua ya posa ya mwanawe kwa Maulida. Nikaifungua barua mbele yake, nikaitazama, nikasema, "Maneno mazuri." Wiki ya pili akapiga simu.

"Mwanamvua, irudishe barua. Nimekuona kwenye tovuti. Hatuoi kwa ombaomba."

Tovuti hiyo ni ya shirika moja la Tumbi lililokuwa likinunua mikeka yangu. Nikaitia barua kwenye mkoba, nikaenda kwao kwanza. Recho, anayeiandika tovuti, akanisomea maneno yaliyo chini ya picha yangu: "Tulimkuta akiombaomba. Hajui kusoma."

Kuomba! Nilikuwa nauza mikeka nje ya ofisi yao, jua la saa saba. Miaka sita wameutumia uso wangu.

"Si ulisema habari za zamani zinashuka, zinapotea?" nikamwuliza.

"Za ukurasa wa Habari ndiyo, mama. Zile zinajipanga zenyewe, mpya juu. Wewe uko kwenye ukurasa wa Kuhusu Sisi. Ule ni ukurasa tuli, unakaa vilevile mpaka mtu aufungue aubadilishe kwa mkono."

"Na mkono wako ulikuwa wapi?"

Akainama. "Nifute yote?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Lakini Hamisa alikwisha kuyasoma yote mawili. Nikificha la kweli, kwamba sijui kusoma, nikikana la uongo nani ataniamini?

"Futa la kuomba tu. Na useme mliongopa."

Nilipofika kwake, Hamisa alinipokea mlangoni, hakunipa kiti. Nikamwomba aufungue tena ukurasa ule kwenye simu yake, anisomee.

"Kwani macho yako yana nini?"

"Hayana kitu. Sikusoma."

Akasoma kwa sauti: "'Mwanamvua wa Chole, msuka mikeka. Hajui kusoma. Hajawahi kuomba, tuliandika uongo, tunamwomba radhi.'" Kisha akashika mdomo. "Mwenzangu! Kumbe la kusoma ni kweli! Ndiyo maana barua uliishika kichwa chini! Nami nikadhani ni maringo!"

Nilitazama sakafu. Nilitamani inimeze. Nikaitoa barua mkobani.

"Hii hapa. Ila kabla hujaichukua, nisomee na yenyewe. Sijui imesema nini."

Akavuta kigoda, akaniketisha. Akaisoma yote, polepole, mpaka kwenye jina la Maulida. Alipomaliza akaikunja, akanirudishia mkononi.

Niliipokea. Uso wangu ulikuwa bado unawaka.