Kona Saba za Bomba

Nyuma ya nyumba yangu Utemini nina karakana ya useremala. Nilijitengenezea mashine ya kunyonya vumbi la mbao, bomba lake nikalipitisha kwenye kona saba ili lionekane la kitaalamu. Feni ilinguruma, vumbi likabaki mezani. Nikalaumu umeme.

Mama mkwe alipokuja kutusalimia, nilimwamkia shikamoo, nikaanza kumfafanulia mitambo. Akanikatiza: "Baba, mbona vumbi unalizungusha kama mtu anayefuatilia hati ya kiwanja?"

Nilinuna. Kesho yake nikanyoosha bomba, nikabakiza kona moja. Vumbi lilinyonywa mpaka nikaona rangi ya sakafu.

Majirani walipokuja kushangaa, niliwaeleza kwa kirefu nilivyofanya utafiti. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa hapo hapo, akaitikia kwa upole: "Kweli, alitafiti sana."